Nusu ya Nusu

Ukifika kituo chetu cha afya siku ya Jumanne saa nane mchana, utamkuta Rahma Mudathiri amevua viatu chini ya meza. Muuguzi hatakiwi kukaa peku kazini, lakini hakuna anayethubutu kumwambia, maana tangu saa moja asubuhi ameshadunga vidole vya watu hamsini, na kila mmoja wa hao hamsini amemdanganya kidogo. Mimi nimo. Naitwa Ezron, mwalimu mstaafu wa hesabu, mkazi wa Ibighi, mgonjwa wa sukari mwaka wa tisa sasa. Nimemdanganya Rahma kuhusu maandazi mara nyingi kuliko watoto wa darasa la sita walivyonidanganya mimi kuhusu kazi za nyumbani.

Naandika habari zake kwa sababu sisi watu wa Tukuyu tuna tabia ya kumsifu mtu akishakuwa kwenye jeneza, na mimi sitaki kungoja hadi hapo. Wala sina sifa nyingi za kumwaga. Nina kisa kimoja tu, na ndani yake yeye alikosea, na mimi nilikosea pamoja naye.

Rahma ni mtoto wa mtaa wa Bulyaga. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na babu yake ndiye aliyekuja kutoka Kilwa na mzigo wa kanzu, akaishia kunyeshewa na mvua yetu maisha yake yote. Mama yake, bi Saada, aliugua sukari Rahma akiwa bado anasomea uuguzi. Kule hospitali alipewa karatasi. Wenzangu wa zamani mtaikumbuka ile karatasi: ukurasa mmoja uliorudufiwa hadi herufi zikafifia, wagonjwa wote walipewa huohuo, mnene kwa mwembamba. Mkate wa ngano isiyokobolewa, tufaha moja, samaki wa kuchemsha, maziwa yaliyotolewa mafuta. Ndizi za kupika marufuku. Uji wa dona ruhusa.

Bi Saada aliibandika ukutani na kuifuata kama dini. Hakugusa ndizi, akanywa uji wa dona asubuhi na jioni, na sukari ikapanda tu. Siku moja binti yake aliazima mashine ya kupimia akampima kabla ya uji na saa mbili baada ya uji. Ilitoka nane ikafika kumi na saba. Kesho yake akampikia ndizi nne, zilezile ambazo karatasi ilizikataza, na maharage na mboga nyingi, akampima tena. Ilitoka nane ikafika kumi. Mama akaanza kula kile ambacho damu yake ilikikubali, lakini figo zilikuwa zimeshachoka. Alizikwa mwaka uliofuata. Rahma aliibandua ile karatasi ukutani mwenyewe, na hadi leo ukimtajia tufaha anakasirika.

Ndipo ilipotokea ile kazi yake tunayoiita Jumanne ya sahani. Mgonjwa anakuja na chakula chake, kile hasa anachokula nyumbani, kwenye hotipoti au kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Anapimwa, anakula, anakaa kwenye benchi saa mbili, anapimwa tena. Rahma anaandika. Yule mnene wa tumbo, insulini anayo lakini mwili hauisikii, anaambiwa hivi. Yule mwembamba ambaye insulini yenyewe imemwishia, anaambiwa vingine. Yule anayebeba chai mgongoni kutwa, hapunguziwi kama mimi ninayebeba gazeti. Kwangu mimi ilionekana kwamba wali ni adui na gimbi ni rafiki. Jirani yangu wa benchi ni kinyume kabisa, na tuligombana nusu saa kila mmoja akidhani mashine ya mwenzake ni mbovu. Mwisho wa siku kila mtu anaondoka na karatasi yake, imeandikwa kwa mkono, ina jina lake juu.

Kazi hiyo inachosha. Mwenzake alihamishwa na hakuletwa mwingine. Vijiti vya kupimia huisha katikati ya mwezi. Ukimsalimia "habari za kazi," anajibu "nimechoka, mwalimu," bila kulalamika, kama mtu anayekutajia saa. Zamani nilikuwa nampa pole. Baadaye nikazoea, na hilo nalijutia.

Sasa nije kwa mzee Ambindwile.

Mzee Ambindwile ni jirani yangu. Uzio wa migomba tu ndio unaotutenganisha. Ana miaka sabini na minane na alifiwa na mkewe miaka miwili iliyopita. Mwanawe Abrahamu yuko Chunya kwenye machimbo. Nyumbani amebaki na mke wa Abrahamu, Lusungu, binti mpole mwenye mtoto wa kunyonya. Huyo Lusungu ndiye anayempikia.

Na hapa lazima nieleze jambo ambalo vijana wa mjini hulicheka. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, haongei naye, hakai naye chumba kimoja. Akimwona njiani anapinda. Ni heshima, na inatoka pande zote mbili. Mzee naye humkwepa mkwewe vilevile. Wengi siku hizi wameacha, wanapanda bajaji moja na wanatumiana picha kwenye simu. Mzee Ambindwile hakuacha, na Lusungu alilelewa na bibi ambaye naye hakuacha. Basi pale kwao chakula kilikwenda hivi: Lusungu anaweka sahani kwenye kigoda nje ya mlango wa mzee, anakohoa, anaondoka. Mzee anafungua, anachukua, anakula, anarudisha sahani kigodani. Lusungu anakuja kuichukua. Miaka miwili waliishi hivyo bila neno wala ugomvi.

Mwezi wa tatu nilimpeleka mzee Jumanne ya sahani. Alikuja na mlima wa ndizi zilizopikwa kwa maziwa, akaumaliza wote mbele yetu kwa raha, na mashine ikasoma kumi na tisa. Rahma akaguna. Akamwelekeza kwa daktari akapewa vidonge vya kushusha sukari, kisha akamwandikia karatasi.

"Tata, ndizi sikukatazi," alimwambia, akimwita baba kwa Kinyakyusa. "Ila hiyo sahani igawe katikati. Kula nusu. Umenielewa?"

"Nusu. Ndaga fijo, mwanangu," mzee akashukuru, akaikunja karatasi akaiweka kwenye Biblia.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Rahma anajua kwamba neno analoambiwa mwanamume kliniki aghalabu halifiki jikoni. Jumamosi yake alikutana na Lusungu sokoni Tukuyu kwenye mikungu ya ndizi, akamvuta pembeni. "Wewe ndiye unayempakulia mzee Ambindwile? Basi mpunguzie. Weka nusu ya ulichokuwa unaweka." Lusungu akaitikia. Rahma alirudi nyumbani ameridhika kwamba safari hii kazi ameifanya hadi mwisho. Aliniambia mwenyewe, na mimi nikamsifu.

Tukaanza kuona matokeo. Mzee alikuja baada ya wiki mbili, asubuhi kabla ya kula, akapimwa: tisa. Akaja tena: saba. Akaja tena: tano na nukta nane. Mwezi wa tano mwishoni, nne na nukta moja. Rahma alisimama, jambo ambalo halifanyi baada ya saa nne kwa sababu ya miguu, akamshika mzee mkono akamwinua mbele ya benchi zima.

"Mnamwona huyu? Amenisikiliza. Mpigieni makofi."

Tukapiga. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu ni jirani yangu na kwa sababu nilikuwa na andazi moja tumboni. Mzee alitabasamu. Suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba.

"Gwe mzee, unarudi ujanani," nikamtania. "Kesho tutakutafutia mchumba."

Rahma aliiona ile kamba. Nakumbuka macho yake yalishuka hadi pale kiunoni. "Unakula lakini, tata?" akauliza.

"Ninakula."

Nyuma yake kulikuwa na watu thelathini wanangoja, na mtoto analia, na mvua inapiga bati hata husikii vizuri. Akasema haya, vizuri, anayefuata.

Jumamosi ya wiki ileile, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa nachuma parachichi nikasikia Lusungu ananiita kutoka kwenye migomba, mtoto yuko mgongoni.

"Mwalimu! Mwalimu, njoo! Sahani bado iko kigodani!"

"Sahani gani?"

"Ya asubuhi! Nimeiweka saa mbili. Hajaichukua. Nimekohoa, nimekohoa tena. Nimesikia kitu kimeanguka ndani."

"Sasa mbona hukuingia?"

Alinitazama tu huku machozi yanamtoka, na mimi nikakimbia. Utasema ni ujinga, mtu anakufa nyuma ya mlango usiofungwa na mwenzake amesimama nje anakohoa. Hata mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti, nikiwa nakimbia. Lakini mama yangu mzazi alimkwepa babu yangu mzaa baba hadi siku tunamzika, na hakuwa mjinga.

Mzee alikuwa sakafuni kando ya kitanda, amelowa jasho, baridi, macho yako wazi lakini hayanioni. Nikampigia Rahma. Alipokea simu mara moja, na baada ya kunisikiliza kwa sekunde kumi sauti yake ikabadilika.

"Alikunywa kidonge?"

Kikombe kilikuwa mezani, pakiti ya vidonge wazi. "Naona alikunywa."

"Amekula?"

"Hajala."

"Mlaze ubavu. Kuna asali? Chovya kidole, mpake ndani ya shavu kidogokidogo. Usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Na mlete. Mlete sasa hivi, mwalimu."

Asali aliileta Lusungu. Aliipitisha mlangoni mkono ukiwa umenyooshwa, uso umegeukia migomba. Tulipofika kituoni kwa bajaji mashine ilisoma moja na nukta tisa. Wakamtundikia dripu ya sukari. Baada ya nusu saa mzee alifumbua macho vizuri, akaniuliza nani anawaangalia kuku wake. Nilitoka nje nikalia, na sioni haya kusema.

Rahma hakulia. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda na kadi ya mzee mkononi, akisoma zile namba alizoziandika mwenyewe, tisa, saba, tano na nukta nane, nne na nukta moja. Daktari alipunguza vidonge akasema ni umri. Rahma akatikisa kichwa. "Huyu hali," akasema. "Nataka kujua kwa nini hali."

Jumatano, mzee akiwa amesharudi nyumbani, Rahma alikuja Ibighi baada ya kazi, kwa miguu, mwavuli umekatika kijiti kimoja. Hakupitia mlango wa mbele. Alikwenda moja kwa moja jikoni, na mimi nikamfuata kwa sababu sikuweza kukaa.

"Lusungu mdogo wangu," alianza, akavuta kigoda, "nilikwambia nini pale sokoni?"

"Nimpunguzie nusu."

"Ukapunguza?"

"Nikapunguza. Siku ileile."

"Sahani ikirudi, inarudije?"

Lusungu aliinama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Inarudi na nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya nilichoweka."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikaona bado ni nyingi kwake. Nikapunguza tena. Ikarudi tena na nusu. Nikajua hapendi mkono wangu. Mama mkwe alikuwa anapika vizuri. Nikawa naweka kidogo ili isinirudie nyingi. Ile sahani ikirudi vile, nesi, mimi nilikuwa naona aibu hata kuiosha."

Rahma aliinuka akazunguka nyumba kwenda barazani kwa mzee.

"Tata, karatasi yangu ilisema nini?"

"Nusu," mzee akajibu kwa fahari. "Nimefuata. Ikija sahani naigawa katikati kwa kijiko. Huku yangu, huku ya ugonjwa. Sijawahi kuvuka."

"Na sahani ilipoanza kuja ndogo?"

Mzee akatazama mikono yake. "Nikajua chakula kimepungua ndani. Abrahamu hajatuma. Yule mtoto wa watu ananyonyesha. Basi nikasema, acha abaki na nyingi."

"Hukumwambia kwamba una njaa?"

"Nimwambie mkwe?" Alishangaa kweli. "Kwa mdomo gani?"

"Na Abrahamu akipiga simu?"

"Ananiuliza, baba unakula? Nasema nakula. Nimshitaki mke wake kwake? Hapana."

Rahma alikaa kwenye ngazi ya baraza, mvua inamdondokea magotini, na hapo ndipo alipolia. Alilia kimya, ushungi umefunika mdomo. "Niliwaambia wote wawili," alisema. "Mwalimu, niliwaambia wote wawili. Nikajua damu yake hadi nukta, nisijue anakulaje. Nimemnyima mzee wa watu chakula hadi akaanguka, halafu nikamsimamisha watu wampigie makofi."

Nimefundisha sehemu miaka thelathini na minne. Nusu ya nusu ni robo, na nusu ya hiyo ni sehemu ya nane. Nimewachapa watoto kwa kutoijua hesabu hiyo. Na mzee mwenye kamba kiunoni nilimwambia anarudi ujanani.

Baada ya muda alijifuta, akamwomba mzee ile karatasi. Mzee aliitoa kwenye Biblia bila kupenda. Rahma akaikunja akaitia kwenye pochi.

"Kuanzia leo wewe huna karatasi. Karatasi ni ya jikoni. Kinacholetwa kwenye kigoda kimeshapimwa, kimeshagawanywa, ugonjwa umeshatolewa sehemu yake. Wewe maliza. Hata ukoko maliza."

"Chote?"

"Chote, tata."

Akarudi jikoni, akachukua sahani akaonyesha kwa mikono yake: ndizi nne hapa, maharage upawa mmoja na nusu, mboga ijaze pale palipobaki, kikombe cha mtindi pembeni. Asubuhi vilevile, kidonge kisitangulie chakula. "Na ikirudi na kitu," alimwambia Lusungu, "hata kipande kimoja, usipunguze. Nipigie mimi."

Tukangoja chakula cha jioni kiive. Rahma alimpima mzee kabla, sita na nukta mbili. Lusungu akapakua, akaipeleka sahani kigodani, akakohoa, akarudi mbio kusimama nyuma ya mlango wa jikoni. Mlango wa mzee ukafunguka ukafungwa. Tulikaa. Sahani iliporudi, Lusungu alikwenda kuichukua, na alirudi nayo ameishika kwa mikono miwili kama vile ina kitu ndani. Haikuwa na kitu. Hata mchuzi ulikuwa umefutwa.

Zile saa mbili za kungoja, Rahma alisinzia barazani ameegemea nguzo, viatu viko kando, mdomo wazi kidogo. Sikumwamsha. Alizinduka mwenyewe dakika ileile, kama mtu aliyezoea. Akaenda akadunga kidole cha mzee, mimi nikiwa nimekaa mbele yao. Tisa na nukta nne.

Mikono yangu iliinuka yenyewe. Ni mazoea ya benchi.

"Usipige makofi, mwalimu," akasema, amechoka hata sauti haitoki vizuri. "Muulize kama ameshiba."

Nikamuuliza. Mzee Ambindwile alijiweka sawa kwenye kiti, akageuza uso upande wa jikoni, macho yakiwa chini kama desturi inavyotaka, kisha akanijibu mimi niliyekuwa hatua moja kutoka kwake, kwa sauti ambayo nadhani ilifika hadi barabarani.

"Nimeshiba, mwalimu! Nimeshiba sana. Na chakula kilikuwa kitamu."

Kule jikoni kijiko kilianguka, na hakuna aliyekiokota kwa muda mrefu.